Nilisema Binti Yangu Anafunga Vizazi

Ndugu zangu, nimekosa. Mimi ni mzee wa kanisa huku Kisaka, na kwa kinywa changu mwenyewe niliharibu kazi ya binti yangu Rhobi.

Rhobi ni daktari mtafiti. Hapasui mtu. Anapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa huku akiufuata kwenye picha ya eksirei, mpaka ufike penye ugonjwa. Anachunguza tiba ya wanawake wenye uvimbe kwenye kizazi, wale wanaotokwa damu hadi wanaanguka shambani. Alitaka wa nyumbani nao wasaidiwe, akaja kuwaeleza. Kikurya chake ni cha kusalimia tu, shule za bweni zilikimaliza. Akaniomba nitafsiri.

Akasema, "Tunaziba mishipa inayolisha uvimbe." Mimi, jamani, kwa Kikurya nikasema anafunga kizazi!

Wanawake wakaguna. Shemeji yangu, mgonjwa kweli, akanicheka: "Mzee, binti yako ametuletea kamba kama mbuzi?"

Nikajua nimekosea. Mzee mwenzangu, niliyebatizwa naye siku moja, akaninong'oneza: "Nyamaza, usijiaibishe. Jumapili nitaliweka sawa mimi."

Nikamwamini! Tena nilikuwa na kiburi. Mimi msoma Neno miaka yote, nikiri mbele ya akina mama kwamba nimeshindwa maneno?

Jumapili akasimama kanisani. "Msikubali kufungwa vizazi. Hata baba yake amesema!"

Mungu wangu! Nilimwangalia, akakwepa macho yangu. Nami sikuinuka. Hakuna mwanamke aliyekwenda kwa Rhobi, hata shemeji.

Rhobi akapiga simu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Wangekataa wakiwa wameelewa, nisingelia. Nilikuchagua wewe kwa sababu ni baba yangu."

Utafiti akauhamishia mkoa mwingine. Namshukuru Mungu hakuninyima salamu. Lakini aliporudi juzi kuongea tena na wanawake wetu, alikuja na mtafsiri wake kutoka Turwa. Mimi nilikaa benchi la nyuma.

Mtafsiri alipomaliza, shemeji akanigeukia, amekonda, kanga imemning'inia. "Kumbe ndivyo alivyosema siku ile?"



Nawasihi, wewe unayesema kwa niaba ya mwingine: ukikosea, rekebisha papo hapo, watu wakiwa bado wamekaa. Usimwachie rafiki akusemee. Mimi nilingoja Jumapili, na shemeji akavuja damu mwaka mzima.