Walimbakiza dada yangu barrière mpaka nirudi na jino langu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Jana nilipita kwenye uzi wa mdau anayeogopa kung'olewa jino la mwisho, nikaona leo na mimi niandike. Sitapamba kitu. Pale nilipokosea nitasema nilikosea, maana nimeficha vya kutosha.

Mimi ni mtu wa Butembo. Haya yalitokea wakati wa vita, ile miaka ambayo wenye bunduki barabarani walibadilika kila mara, hadi unamsalimia mwanajeshi kwanza ndipo unajua ni wa nani.

Nianze na kazi yangu, bila hiyo hamtaelewa.

Nilikuwa nambebea mfanyabiashara mmoja dhahabu kutoka upande wa Mabalako. Kidogo kidogo, imefungwa kwenye plastiki, unaisukuma nyuma kabisa mdomoni kati ya shavu na ufizi. Mifukoni walipekua, viatuni walipekua. Mdomoni, mwanzoni, hawakujua.

Kwetu ni watu wa kanisa. Dada yangu Masika, yaya kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, ndiye msichana wa kwanza nyumbani, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Yeye nilimwambia nauza maharagwe.

Sasa pale pale nilipobana kile kifurushi, jino la mwisho lilikuwa linaota, tena limelala upande. Ufizi ukaanza kuuma. Nikanyamaza, kwa sababu tajiri akijua mdomo wako ni mbovu, kazi anampa mwingine. Niliweka karafuu, niliweka chumvi. Mjinga mmoja akanishauri maji ya betri, na mimi mjinga wa pili nikaweka.

Shavu likavimba. Mdomo ukajifunga, hata kijiko hakipiti. Uvimbe ukashuka chini ya taya, kumeza mate ikawa kazi.

Majirani wakasema jino haling'olewi mtu akiwa amevimba, atakufa. Masika aliwasikiliza siku mbili. Siku ya tatu aliniona natafuta hewa, akafunga kitenge chake akasema tunaenda. Mtu wa meno wa Butembo alikuwa ameshakimbia vita. Aliyebaki alikuwa Beni.

Tulipanda juu ya lori la viazi. Barrière mbili za kwanza, vile vizuizi vya wanajeshi barabarani, tulipita vizuri.

Ya tatu wakanishusha.

"Weye, fungula kinywa," alisema mkubwa wao.

Sikuweza.

"Minasema fungula. Shavu iko na nini?"

"Chef, ni jino," Masika alijibu. "Mudogo wangu iko mugonjwa. Kinywa yake inakatala kufunguka."

"Bote banasemaka jino."

Wiki hiyo hiyo walikuwa wamemkamata mwenzetu mmoja na dhahabu shavuni. Mpaka leo sijui walimpeleka wapi. Siku hiyo mimi sikuwa na kitu mdomoni zaidi ya usaha, lakini nani angeamini? Mkubwa akamwita askari wake, yule akachomoa kisu, akaweka ncha kati ya meno yangu ya mbele.

Masika akapiga magoti kwenye tope.

"Minaapa mbele ya Mungu, chef. Ule mutoto hajabebaka dhahabu hata siku moya. Kama minadanganya, mukamate miye."

Mkubwa akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Wakuu, nimefanya mambo mengi ya aibu, lakini hilo ndilo linaloniamsha. Dada yangu aliapa kwa Mungu juu ya jambo asilolijua, na mimi ninayelijua nikamkubalia.

"Bon," mkubwa akasema. "Mama atabaki apa. Weye enda Beni, batoshe iyo jino, ulete niione. Na utafungula kinywa nione na shimo. Ukikosa ku rudia, usimutafute tena."

Lori likaondoka na mimi. Nilimwona Masika ameketi juu ya gogo, mikono magotini, ananiangalia mpaka kona.

Beni nilimkuta mtu wa meno, mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinipapasa shingo kwa muda mrefu.

"Leo hapana kutosha jino," alisema. "Sindano ya ganzi haishike mahali kuko usaha. Na kinywa imefunga, nitapitisha chuma wapi? Nitapasula kwanza, usaha itoke, utakunywa dawa. Utarudia kisha siku tano."

Siku tano. Nikamnyang'anya kalamu, nikaandika nyuma ya fiche yangu, ile kadi ya mgonjwa: dada yangu wamemshika barrière, wanataka jino, na watatazama shimo. Halafu nikaonyesha bakuli lake la meno yaliyong'olewa asubuhi hiyo. Nikaandika: nipe lolote.

Alisoma, akasoma tena. Akavua miwani.

"Nikikupa jino ya mwingine, shimo nitakupa ya nani?"

Nilianza kulia pale kwenye kiti, mdomo umefungwa, makamasi yananitoka. Aliniacha nilie.

"Nipatie siku mbili," akasema mwishowe. "Moya ya usaha, moya ya jino. Kupungusha hapo hapana. Ukikufa apa, dada yako atatoka kule na nini?"

Kwa wale mnaoogopa, nieleze kilichofanyika.

Alichana ufizi kidogo, usaha ukatoka. Harufu yake sisemi. Akanichoma penicillin, akanipa maji ya chumvi ya kusukutua kila baada ya muda. Kesho yake vidole viwili viliingia kati ya meno. Ndipo akapiga sindano mbali, nyuma kabisa karibu na kona ya taya, mahali mshipa wa fahamu unapopita kabla haujafika kwenye meno. Ilishika nusu.

Jino lililolala halivutwi, wakuu. Linagawanywa. Alifungua ufizi, akaweka patasi ndogo, akagonga kwa nyundo. Niliumia, sidanganyi. Ila katika kila pigo nilikuwa namwona Masika juu ya lile gogo, nikajiambia hata taya likivunjika sawa tu.

Lilitoka vipande vitatu.

Hapo ndipo nilipata hofu mpya. Nani ataamini kwamba mifupa mitatu midogo ni jino? Mzee akaviosha, akavitia kwenye kichupa kitupu cha penicillin pamoja na pamba. Kisha akaketi, akaandika attestation, cheti kizima: jina langu, jino gani, vipande vitatu. Akapiga cachet, muhuri wake, mara mbili. Mnajua kwetu, karatasi bila cachet ni ya kufungia karanga.

Siku ya tatu nilishuka barrière na kichupa mkononi, nyuzi za mshono bado mdomoni.

Mkubwa alikuwa anakula. Alikichukua kichupa, akakitikisa, akanirudishia. Karatasi hakuisoma. Kinywa hakuniambia nifungue.

"Ah, ile ya jino," alisema. "Nilishaisahau."

Masika akatokea nyuma ya kibanda na bidon, dumu la maji, begani. Hakuwa na viatu. Aliiweka bidon chini polepole, akaangalia kichupa, akaangalia shavu langu.

"Jino ilitoka?"

"Ilitoka, yaya."

"Basi twende."

Siku zile tatu hakuzisimulia. Wala sikumwuliza. Kwa miaka nilijiambia hiyo ni heshima. Ilikuwa woga.

Nilichojifunza juu ya meno ni hiki: ukivimba, usikae nyumbani kusubiri uvimbe upungue, kimbia. Jino la mwisho likianza kukusumbua ukiwa bado unafungua mdomo, hiyo ndiyo nafasi yako. Na mwambie ukweli anayekutibu, hata kama ukweli wenyewe unatia aibu.

La pili si la meno.

Mwaka jana Masika naye aling'olewa jino, hapa Butembo. Nilimpeleka mimi. Kazi ilipokwisha alimwomba daktari ampe jino lake. Kijana wa watu akacheka, akauliza, "Mama, utafanya nayo nini?" Masika alilipokea. Alilifunga kwenye leso, akaliweka ndani ya nguo, kifuani.

Tulipokuwa tunarudi kwa miguu nilimwambia yote. Dhahabu, kiapo chake, kichwa changu nilichotikisa.

Hakupunguza mwendo.

"Nilijuaka," alisema. "Mutu anauzisha maharagwe, na ku nyumba haina hata gunia moya?"

"Sasa yaya, kama ulijua, juu ya nini uliapa?"

"Kisu ilishafika ku meno yako."

Tuliendelea kutembea. Baadaye nikamwuliza lile jino analibebea nini, vita vyenyewe vya siku zile vimepita.

Akagusa leso juu ya nguo. "Tuko mu njia," alisema. "Mutu anaweza kuiomba."

Wenye maswali ya jino ulizeni, nitajibu ninachokijua. Na kama humu yupo aliyewahi kubakizwa mahali ili mwingine apite, aandike hapa chini. Nitamsomea Masika.