Mvua Iliyogawanywa kwa Saba

Mtu mvivu anayejijua kuwa mvivu unaweza kuishi naye. Habumugisha hajijui. Hapa mtaani kwetu Goma, ambako nyumba zimesimama juu ya mawe ya volkano, yeye hupita na shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, na asipoitwa "Monsieur" haitiki. Zamani alifundisha hesabu darasa la tano. Tangu hapo anadhani hesabu ni mali ya ukoo wake.

Mradi mmoja wa maji ulipotafuta mtu wa kupima mvua, nani tena kama si yeye? Wakampa kopo lenye mistari, na daftari. Kila siku saa moja asubuhi asome, aandike, amwage, kwa miaka mitatu. Kwa daftari hilo wangejua ni mvua kiasi gani inayopenya mwambani hadi kwenye maji ya chini kabisa, na kama maji hayo yanatosha kutuchimbia forage, kisima kirefu cha bomba. Sisi tunaopanda kutoka ziwani na bidon ya lita ishirini mgongoni, tulilingoja kama matokeo ya mtihani.

Ua wangu unapakana na wake. Kopo nililiona kila siku. Yeye alilifikia Jumapili tu, baada ya misa, akiinama kwa heshima kama anayebariki kitu. Mimi na jirani yangu Rosine tulikuwa tukicheka hadi machozi.

Mwezi uliopita injinia wao, Henri, alituita kwenye ukumbi wa parokia. Kijana mpole. Alisema mvua yetu ni milimita nne leo, nne kesho, nne keshokutwa, na jua linaikausha yote kabla haijashuka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini chini ya mawe haifiki. Forage itaenda mtaa mwingine.

Nilishangaa. Tangu lini mvua ya Goma ikanyesha kwa kipimo kama dawa ya kikohozi? Huja mara moja, inabomoa jiko la mtu, na baada ya nusu saa imezama yote kwenye nyufa, unasimama juu ya jiwe kavu.

Nilimkamata Habumugisha mlangoni. Hakuona hata aibu. Kila Jumapili alisoma maji ya juma zima, akagawanya kwa saba ili kila siku ipate fungu lake.

"Mama Patricia, total ni ile ile," akaniambia. "Sikuongeza hata tone, sikupunguza hata tone."

Mpumbavu mwenye kalamu mbili! Nilimvuta mkono hadi kwa Henri, nikamlazimisha arudie. Henri akafungua daftari, akatazama zile nne zilizopangwa vizuri. Nikamwomba azikusanye tena, airudishie kila siku mvua yake. Akasema haiwezekani, hakuna anayejua ilinyesha siku gani. Ingebidi kupima upya miaka mitatu, na mradi unafungwa mwezi huu.

Habumugisha alikuwa anarekebisha kola yake. Henri hakumuuliza kitu. Alinigeukia mimi.

"Mama, hii mambo ulijua tangu lini?"

Nilimjibu ukweli. Tangu mwezi wa kwanza wa ile miaka mitatu.