Sinia Saba za Likawage

Mpaka leo nikipita nyumba inayopikwa wali wa nazi, na ukoko umeanza kuungua chini ya chungu, nasikia filimbi ya mpira. Msinicheke. Kwetu vitu hivyo viwili vilikwenda pamoja.

Enzi za Mwingereza baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo huko vilimani, nyuma ya Kilwa, upande wa Kikole. Shule za bara za upande wetu zilikuwa nne, na kila mwaka tatu zilikuja kucheza kwetu. Sisi hatukwenda kwao, kwa kuwa viwanja vyao vilikuwa vya mteremko. Mpira ukitoka uliporomoka bondeni, na aliyeufuata alirudi mapumziko yameshapita. Chetu kilikuwa tambarare, na baba alijivunia kama vile alikisawazisha kwa mikono yake.

Sasa, mtu ametembea tangu jana yake, amelala njiani, utamwingiza uwanjani na njaa? Kwa mama hilo lilikuwa jambo la aibu. Wageni walikula kwanza. Mimi, binti wa miaka tisa, niliwanawisha mikono kwa birika, na mama alisimama mlangoni, kanga kiunoni, akihakikisha sinia zinarudi tupu.

"Kula, mwanangu," alimwambia kila mmoja. "Umetoka mbali."

Sinia nilizihesabu kwa mistari ya mkaa ukutani jikoni, ili mama ajue safari ijayo atwange mpunga kiasi gani. Pembeni yake niliandika magoli, kwa kuwa mpira niliupenda kupita kiasi na hakuna aliyeniruhusu kuucheza. Ndipo ukuta ukaanza kuniambia mambo. Wageni wa kwanza walikula sinia tatu, tukawafunga mawili. Wa pili walikula tano, tukawafunga manne. Sisi wenyewe tulikuwa tumekunywa uji mwepesi tangu asubuhi. Wa tatu, shule ya Likawage, wakaja, wakala sinia saba, nami nikajua hao tutawatia kapu zima la magoli. Kumbe walitubana karibu muda wote! Nahodha wao, Hamisi, mvulana mrefu mwenye mwanya, alipiga mti wa goli mara mbili huku akijishika tumbo. Tuliwapata dakika za mwisho, goli moja tu, beki wao akiwa amechuchumaa.

Niliutazama ule ukuta siku nzima. Hesabu haikuwa ngumu. Kama ni nguvu za kweli, wenye nguvu walikuwa Likawage.

Baadaye ikaja barua kutoka Lindi. Watu wa mjini walikuwa wakisema kuwa shule za bara zinafungana zenyewe kwa zenyewe, mpira hazina. Basi ichaguliwe moja, iliyo bora, ikacheze na wa mjini. Baba aliwaita walimu wenzake kwetu waamue. Mama akapika.

Kaka yangu Saidi ndiye aliyekuwa golikipa wetu. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, baada ya hapo ni jembe tu, na bahari alikuwa hajaiona. Kwa wiki nzima alikuwa akiniuliza eti ni kweli maji yale hayana ng'ambo.

Walimu walipomaliza kula, baba akaniita kwa utani. "Huyu ndiye karani wetu wa mpira. Haya, mama, waambie walimu wako. Nani mwenye nguvu?"

Saidi alikuwa amesimama nje ya dirisha. Nilimwona shingo tu.

"Sisi," nikasema.

Mwalimu wa Likawage alikuwa bado analamba vidole. Akatikisa kichwa, akasema, "Mtoto hana uongo." Yakaisha.

Huko Lindi vijana wetu walifungwa manane. Chakula walipewa baada ya mchezo, tena kizuri, lakini maneno ya mjini ndiyo yaliyotangulia kufika kwetu. Kama bingwa wao ndiye huyu, watu walisema, hao waliobaki wakoje? Shule zote nne zikapakwa tope letu. Saidi hakujali. Mwezi mzima alituhadithia bahari, na magoli hakuyataja hata siku moja. Nilimpenda sana kaka yangu, na kila alipofurahi mimi nilimkumbuka yule mrefu mwenye mwanya.

Miaka ikapita, nikaolewa Lindi, nikakaa mtaa wa Mtanda. Siku moja nilimpelekea fundi cherehani kitambaa cha Idi. Alipocheka nikauona mwanya.

"Shikamoo, kaka Hamisi," nikasema, nikamtajia kijiji chetu na jina la baba.

"Marahaba!" Akasimamisha cherehani. "Binti wa mwalimu? Wa birika?"

Nikamwambia yote palepale, kitambaa mkononi: mistari ya mkaa, sinia, neno langu mbele ya walimu. Nikamwambia nilijua kuwa safari ile ilikuwa yao. Nikamuuliza aliiona Lindi lini.

"Nikiwa na watoto watatu," akasema. Akaupima uzi. "Lakini hizo sinia hazikuwa siri, mdogo wangu. Mwalimu wetu alitukataza njia nzima tusile sana. Mwaka uliotangulia tulishaona kuwa aliyeshiba hakimbii. Tukafika, mama yako amesimama pale mlangoni, anatuita wanawe. Nikawatazama wenzangu, nikawaambia, jamani, tule."

"Mkijua mtafungwa?"

"Tukijua."

Miaka yote ile nilidhani nimewaibia watoto wasioona. Kumbe waliona vizuri kuliko mimi, na wakala mpaka sinia ya mwisho ili mama yangu asivunjike moyo. Niliona haya, nikajifuta machozi kwa kile kitambaa kipya, na Hamisi akanipokonya akisema nisimharibie kazi.