Mama Mkwe Aliponifungua Kinywa

Kuna asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa miaka ile ya Zaire imeanza kunichanganyikia kichwani. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba yetu ya kupanga hapa Kalemie. Ukungu ulifunika ziwa, nikaona kama maji yamepanda kilima polepole mpaka miguuni kwangu. Sikuogopa. Nilishika mlango nikatabasamu peke yangu. Nilikuwa na miezi michache ya ndoa, mimba ya kwanza tumboni, na kila kitu kilikuwa kinaelea: miti, sauti za watu walioshuka kwenda bandarini, hata mikono yangu mwenyewe. Nilidhani ndivyo mapenzi yalivyo.

Usicheke. Na wewe mchumba wako akipita tu unasahau chumvi kwenye mboga, nimekuona.

Mume wangu aliitwa Kaseba. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia bandarini, kuyatoa melini na kuyapakia kwenye mabehewa. Kijana wa mabega mapana, mwepesi wa kucheka. Nilimpenda, nasema wazi, kwa umri huu sina haya tena. Na kwao kulikuwa na desturi ambayo mama yangu alinifundisha kabla sijaolewa, nisije nikamwaibisha. Mke mpya hali chakula mbele ya mume wake wala mbele ya watu wa kwao, mpaka azae mtoto wa kwanza aliye hai na mama mkwe aje kumfungua kinywa. Siku hiyo mama mkwe humlisha tonge la kwanza kwa mkono wake, watu wote wakiona, na tangu hapo mke hukaa akala kama mwenye nyumba. Kabla ya hapo anapika, anapakua, anarudi jikoni, anakula kilichobaki.

Sasa niulize, kilichobaki ni kitu gani? Kaseba alikuwa anarudi kazini na wenzake wawili ambao walikuwa hawajaoa. Walikaa barazani, wote watatu kwenye sahani moja. Nilipika bukari, ndio ugali wetu, na samaki mgebuka wa nyanya, au ndagala, vile visamaki vidogo, kwa mafuta ya mawese, siku nyingine maharagi. Sahani ilirudi jikoni na miiba na mchuzi kidogo. Nilichovya bukari kwenye huo mchuzi nikamshukuru Mungu. Wale wenzake walipomtania kwamba amenenepa tangu aoe, nilisikia raha huko jikoni kama niliyesifiwa ni mimi. Kaseba hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Hakuwahi kuniona nikila, basi hakuwahi kujua ninakula nini.

Zile ndoto zangu za mchana zikazidi. Nikiinuka, giza jepesi linapita machoni. Nikienda kuchota maji, nasimama njiani kusikiliza moyo wangu ukigonga masikioni, na ilikuwa inanipendeza, nakwambia kweli. Halafu nikaanza kutamani udongo. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa matofali mabichi, na pale karibu na mafiga ulikuwa unanukia mvua. Nilibandua kipande kidogo kwa ukucha, nikakiweka ulimini, nikafumba macho. Jirani mmoja alisema wenye mimba wote hufanya hivyo, nami nikaendelea kwa moyo mweupe.

Ndipo mama yake Kaseba akaja kwa treni kutoka Nyunzu, na kikapu cha karanga, maharagi na kuku mmoja hai. Mama mwembamba, asiyependa maneno mengi. Nilitaka aone kwamba mwanawe anatunzwa. Nikanunua mgebuka mnene, nikapika kwa moyo wangu wote, nikawapakulia yeye na mwanawe na wale wawili, nikajirudia zangu jikoni. Hakukaa kula. Alinifuata, akanikuta ukucha wangu uko ukutani.

Akaingiza mkono wake kwenye shimo lililokuwa pale, na mkono ukaingia mpaka kiganjani. Sikuwa nimejua kama nimelichimba hivyo. Akanawa, akanishika kidevu, akavuta chini kope la jicho langu, akatazama. Akageuza viganja vyangu kwenye mwanga. Akaniuliza nilikula nini jana, nikasema bukari na mchuzi. Na juzi? Nikasema bukari na mchuzi. Nilijibu nikiona fahari, kama mtoto anayejibu vizuri shuleni.

Akamwita mwanawe. Kaseba akasimama mlangoni kwa sababu mwanaume kwao haingii jikoni, lakini mama yake akamwonyesha kibao akae. Akaninyooshea kidole, akamwambia bila kupaza sauti: “Kaseba, bibi yako anakula nyumba. Angalia pale ukutani. Huyu mutoto wa tumboni atatengenezwa na nini?”

Kaseba akatazama ukuta, akanitazama mimi, na sijui kama alikuwa amenitazama hivyo tangu harusi. Akauliza polepole: “Mama, si njo desturi yetu?”

“Njo desturi,” mama akasema. “Na mimi niliishika vizuri, kumupita huyu. Nilifunguliwa kinywa wakati wewe ulizaliwa. Mbele ya wewe kuzaliwa nilizaa wawili. Walikuwa wadogo, wadogo sana, hawakulia hata kidogo. Niliwazika, nikarudia kupika.”

Kaseba hakuwa anajua habari za hao wawili. Alikuwa mtu mzima, anabeba magunia, na hakuwahi kuambiwa. Aliinamisha kichwa, akafuta uso kwa mikono yote miwili.

“Mwenye kumufungua kinywa njo mimi, hakuna mwingine,” mama akasema. “Namufungua leo.”

Akaenda mwenyewe kuleta sahani. Akakata tumbo la samaki, lile nono, akalifunga kwenye tonge, akaninyooshea. Kaseba alikuwa pale, wale wawili wamesimama mlangoni, nami nikabana midomo. Nilikuwa namsikia mama yangu mzazi akinionya. Niliona nikikubali nitakuwa mwanamke mlafi, mke asiye na haya. Mama mkwe akangoja. Mchuzi ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko, hakuuondoa ule mkono. Nikafungua. Sikujua kama nina njaa mpaka nilipomeza, na hapo nikalia, nikawa natafuna huku nalia.

Alibaki kwetu mpaka nilipojifungua. Alinipeleka dispansari, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, akanisimamia nivimeze. Kaseba akawa anakula na mimi, sahani moja, mwanzo akiwa na aibu kuliko mimi. Wale wenzake hawakukatazwa kuja, ila mmoja alianza kuja na papai, mwingine na fungu la mboga ya lengalenga. Polepole giza likaacha kupita machoni, ziwa likarudi chini mahali pake. Kaseba niliendelea kumpenda vilevile, sasa nikiwa nimesimama vizuri kwa miguu yangu.

Mtoto wetu alizaliwa asubuhi, mvua inanyesha, na alilia mpaka majirani wakaja. Nilitaka kumnyonyesha haraka anyamaze. Mama mkwe akanizuia mkono kidogo. Akasema, “Muache kwanza. Namusikiliza.”

Basi, mwanangu, unaolewa, na huyo kijana wako asikie pia, asijifanye anatazama simu. Kuleni pamoja, muonane mnakula. Mwenye kupika asile mabaki, na mwenye mimba ndiye apewe tumbo la samaki kwanza, hata kama mume ametoka kubeba dunia nzima. Msijaze sahani bukari mkaipaka mchuzi mkasema mmekula. Majani ya kijani yawepo kila siku, lengalenga, matembele, sombe, na msiyachemshe mpaka yakapoteza hata rangi. Ndagala mle wazima na vichwa vyao. Pesa ikiwa ndogo, maharagi na karanga vinajenga mtu. Papai lipo, embe lipo, ninyi mnakimbilia soda na biskuti kwa sababu ya picha za harusi. Ukisikia hamu ya udongo, au kichwa kinaelea, usiseme ni mapenzi. Nenda dispansari, nenda na mumeo. Na ukija kuambiwa kwamba desturi inakukataza kula, niite mimi. Nitapanda gari hata kama magoti yananiuma.

Mungu aibariki sufuria yenu, na mikono itakayokutana ndani ya sahani yenu. Awape watoto wanaolia kwa nguvu. Na siku yenu ikifika, ikiwa mbali sana, watoto hao ndio wawazike ninyi, ninyi msimzike hata mmoja.