Shikamoo ya Mwalimu wa Bunduki

Miaka ile ya ujamaa, Wareno wakiwa bado ng'ambo ya Ruvuma, sisi vijana wa Miteja tulifundishwa mgambo. Mwalimu wetu alikuwa Mchina mwenye mvi. Aliyemfundisha Kiswahili alimwambia kwamba shikamoo ni neno la heshima, akasahau kumweleza nani humwamkia nani. Basi kila asubuhi mzee yule alituamkia "shikamoo" sisi tulio sawa na watoto wake. Tuliitika marahaba, tena kwa raha zetu, wala hakuna aliyemsahihisha.

Bunduki zilitoka kwao Uchina, na risasi pia. Siku moja nikamsimulia mama habari ya shikamoo ile huku nacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kupeta mtama wake, kisha akaniuliza, "Na risasi zikiisha?"

"Wataleta nyingine."

"Wasipotaka?"

Nilikasirika, nikamwambia haelewi siasa. Lakini swali lake lilinikaa moyoni: tulijifanya wakubwa wa mtu ambaye risasi zetu zilitoka kwao.

Kesho yake mwalimu alipofika uwanjani, nilimwahi kabla hajafungua kinywa. Nikamwambia, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitika, sawasawa kabisa, kama mtu aliyekuwa akiisubiri.