Nilimwacha Mtani Wangu Bwawani, na Sasa Hakuna Anayeniamini

Ndugu mwendesha ukurasa, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mgane, ninayeishi Tanga. Marehemu baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, nami nikazaliwa kambini. Sikuzoea kumweleza mtu mambo yangu, lakini hili limenishinda.

Nina rafiki wa miaka arobaini, Mzigua wa Mkwaja. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, kwa hiyo mimi na yeye hatujawahi kusalimiana kwa adabu hata siku moja. Mkewe alipofariki, nilikaa mlangoni nikazuia jeneza lisitoke, nikatangaza kwamba mimi ndiye niliyemuua kwa kumnyima pilau. Ndugu zake walicheka huku wanalia. Huo ndio utani wetu, na hakuna anayeuonea uchungu.

Rafiki yangu anaishi na mwanawe, nitakayemwita Bakari, na mke wa Bakari, nitakayemwita Zaina. Kila Jumamosi asubuhi mimi na mtani wangu hutembea katika msitu wa hifadhi unaozunguka bwawa, nje kidogo ya mji. Kuna njia ya miguu inayofuata ukingo wa maji, na hapa na pale kuna mabanda na meza za saruji ambako watu huenda na vyakula vyao siku za mapumziko. Tumbili huwasumbua sana. Sisi huzunguka taratibu, tunakaa kwenye banda la tatu, tunakunywa chai ya chupa, kisha tunarudi.

Mwezi uliopita nilimpigia Zaina simu siku ya Ijumaa, nikamwambia kwamba kesho sitatembea kwa sababu ninakwenda Muheza kwa dada yangu. Asubuhi yake dada akaahirisha. Nikaamua kwenda bwawani peke yangu. Nilipofika banda la tatu, nikamkuta mtani wangu amekaa.

"Umechelewa, Mnyamwezi," akasema. "Ulikuwa unatafuta viatu vya kuazima?"

Tukacheka, tukatembea. Tulipofika upande wa pili wa bwawa, penye matete, akasimama. Akanishika mkono, akasema, "Mtani, mimi sijui njia ya kurudi."

Nikamjibu, "Tangu lini Mzigua akajua njia? Babu zangu walipopita hapa na mizigo, babu zako walikuwa wanauliza bahari iko wapi."

"Kweli nakwambia. Sijui hapa ni wapi."

Nami, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaona nimkomeshe. Nikamwambia, "Basi baki hapo uoe tumbili," nikaongeza mwendo, nikajificha nyuma ya mti. Nilikuwa ninasubiri anitukane. Sikusikia kitu. Nilipotoka, hakuwapo.

Nilimtafuta kwa muda mrefu, ninaita mpaka sauti ikakauka. Askari wa hifadhi walinikuta katika hali hiyo, wakasaidia. Tulimpata ndani ya matete, maji yamemfika kifuani, kiatu kimoja hakipo. Alikuwa anatetemeka, na aliponiona aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani.

Bakari, aliyepigiwa simu na askari, alifika mbio. Kabla sijafumbua kinywa, alinikumbatia. "Mwalimu, umeacha safari yako ukaja kumtafuta baba! Mungu akulipe." Nilipaswa kusema pale pale. Nikanyamaza. Nikapokea shukrani isiyo yangu.

Daktari alisema akili ya mzee imeanza kupotea siku nyingi. Kumbe maneno mengi niliyoyacheka mwaka huu mzima hayakuwa mzaha. Yeye mwenyewe hakumbuki lolote kuhusu siku ile. Lawama zote zimemwangukia Zaina. Alimruhusu mzee atoke kwa sababu mzee alimwambia, "Mtani wangu ananingoja," naye akadhani nimebadili safari. Bakari anasema, "Mwalimu alikwambia haendi, wewe ukamwachia baba akafe." Amemwamuru arudi kwao Kigombe Jumapili hii. Wana watoto wawili, na watoto watabaki.

Juzi nilikwenda nyumbani kwao. Shangazi zake Bakari walikuwapo. Nikasimama, nikasema, "Bakari, mimi ndiye niliyekuwa na baba yako. Nilimwacha, nikajificha nyuma ya mti. Mkeo hana kosa."

Shangazi mkubwa akapiga makofi. "Haya, Mnyamwezi ameanza! Na wifi yangu si ulisema ulimuua wewe?"

"Dada, leo sitanii. Naapa."

"Jamani, ana machozi kabisa! Mleteeni leso!"

Walicheka wote. Bakari alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akanishika bega. "Ahsante, mwalimu. Najua unamwonea huruma Zaina, lakini usijitwike mzigo wake." Nilisema tena na tena, na kila niliporudia walizidi kucheka. Hata mtani wangu kule kitandani alicheka, bila kujua wanacheka nini.

Zaina peke yake hakucheka. Alinisindikiza hadi nje, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mimi nimekuamini. Lakini usirudi kusema. Shangazi ameshaanza kuuliza kama ni mimi niliyekutuma."

Nilishindwa kumtazama usoni. Askari hawana la kushuhudia, kwani walinikuta niko peke yangu. Mzee hakumbuki. Nikinyamaza, mama wa watu anatengwa na watoto wake kwa kosa langu. Nikisema, wanacheka, au wanazidi kumshuku yeye.

Leo ni Alhamisi. Ninyi mnaosoma haya, hasa mlio na watani, nawaomba kwa heshima zote: nimwambie nini Bakari ili aniamini kabla ya Jumapili?