Sauti ya Mama kwenye Chombo cha Angani

Mtafsiri wa banda la video pale Kivinje alimpa fundi mzee wa chombo cha angani sauti ya mama yangu. Sijamsamehe, na sina mpango huo.

Tamthilia yenyewe hakuna aliyekuwa akiitaka. Watu saba wamekwama kwenye chombo mbali na dunia, hakuna bunduki, hakuna mazimwi. Mtafsiri aliileta kwa sababu wiki ile flashi yake haikuwa na kitu kingine. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nilikwishaitazama yote kwenye simu, na niliipenda kwa kuwa aliyeiandika anawajua binadamu. Yule fundi, bibi mzee, alikuwa hasemi samahani. Alipomkosea nahodha, alikwenda kumrekebishia mlango uliokuwa unakwama, akaondoka zake. Hakuna aliyeligusia jambo hilo mpaka mwisho wa sehemu. Wangapi wanaandika hivyo?

Mtafsiri Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Akiona midomo inacheza, anatunga. Ule ukimya wa fundi ulimshinda, akaujaza kwa lafudhi ya Kimatumbi, puani: "Haya mie sijui, sijui mie." Banda zima likaangua kicheko, maana kila mtu mle alikuwa ananunua muhogo wa kuchoma kwa mama, kwenye kituo cha magari ya kwenda Masoko, na hivyo ndivyo mama anavyosema.

Kesho yake wateja wakamsalimia kwa maneno hayo. Mama akacheka nao, akidhani wanampenda. Siku ya tatu akaelewa. Tangu hapo akawa anauza bila kusema neno, ananyoosha tu muhogo kwenye karatasi. Hata nyumbani alikuwa ananijibu kwa kichwa.

Ningeweza kumvaa yule bwana siku ile ile. Badala yake nilimsifu. "Kaka, bibi yule unamuweza, usimwache." Nilikuwa najua sehemu ya mwisho ina nini.

Jumamosi alasiri, siku ya sehemu ya mwisho, nilikaa benchi la mbele. Fundi, ambaye tangu mwanzo hakuwahi kuzidisha sentensi mbili, aliketi sakafuni akaongea peke yake, muda mrefu, bila muziki. Alikuwa anawaeleza wenzake kwamba hewa ilianza kupungua siku nyingi, na kwamba wamekuwa wakivuta fungu lake. Wote wakalia, nahodha naye.

"Haya mie sijui," mtafsiri alianza. Hakuna aliyecheka. Akajaribu tena.

"Mbona wanalia, bwana?" mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Anasema nini huyo mama?"

Nikasimama, nikatafsiri neno kwa neno. Nililiona jasho la mtafsiri likitiririka na nikafurahi, nisidanganye.

Jumatatu jioni, nikiwa namsaidia mama, mtafsiri alikuja kwenye meza yake, akanunua muhogo kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Alipoanza kuomba radhi nikamkatiza. "Mama hajawahi kukusikia. Muigize hapa."

Akanitazama akidhani natania. Mama akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga. "Ee, nisikie na mie," alisema.

Gari la Masoko likajaa, likaondoka. Likaja jingine, nalo likajaa. Muhogo ulikuwa umempoa mkononi, mama bado anamtazama mdomoni, na mimi sikumruhusu aende.